Mapenzi au Upungufu wa Damu

Walikutana saa sita mchana kwenye jengo la maduka, lifti imeharibika na watu wanasukumana ngazini. Mwalimu wa hesabu, gauni la njano, miwani iliyovunjika mkononi, alifika ghorofa ya nne akihema, moyo ukimdunda hadi masikioni. Fundi wa miwani akamsogezea kiti.

"Pole dada. Umekimbizwa?"

"Ngazi zenu hizi!" Akamtazama. Shati safi, macho ya upole. Moyo ukazidi kudunda, naye akaamini mapenzi yamemkuta.

Miezi mitatu, kila akipanda kwake, moyo ulidunda vilevile. Fundi akamwomba wafunge ndoa. Mwalimu akaomba mwezi wa kufikiri. Mwezi huohuo daktari akamwambia ana ugonjwa sugu wa figo, ndiyo maana damu imepungua. Vidonge vya madini ya chuma havikumsaidia, kwa hiyo angewekewa chuma kwenye mshipa, dripu mbili. Fundi hakuambiwa neno.

Wiki tatu baada ya dripu ya kwanza, Mwalimu alipanda ngazi zile akiimba. Fundi akatabasamu. Moyo wa Mwalimu, kimya! Akashuka bila kuaga, akampigia dada yake mkubwa.

"Dada, moyo haudundi tena nikimwona!"

"Wewe nawe! Si umetibiwa?"

"Ndiyo hilo. Sasa nilimpenda, au nilikuwa mgonjwa tu?"

"Nitajuaje mimi? Ongea na mwenyewe."

Siku tano hakupokea simu za Fundi. Ya sita akapokea.

"Laazizi, unanikimbia. Na watu wananiambia umenawiri. Kuna mwingine?"

"Hakuna. Nakuja."

Akaja, akamwambia yote.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa upungufu wa damu?" Fundi akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Figo zitapona?"

"Hazitapona. Chuma kinasaidia damu tu."

Fundi alifuta kioo kimoja mara tatu. Ilimuuma kufichwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaniacha. Halafu nikaogopa mimi ndiye nitakuacha. Sijielewi."

"Hata mimi sikuelewi, mpenzi. Dripu nyingine lini?"

"Alhamisi."

"Nitafunga duka."

Alhamisi muuguzi alitafuta mshipa, akatundika dawa ya rangi ya kahawia, akasema ikiisha watasubiri nusu saa, kuona kama mwili umeipokea vizuri. Fundi, kavaa shati lake la harusi za watu, aliuliza mara mbili kama rangi ile ni ya kawaida. Mwalimu akamwangalia anavyohangaika. Moyo wake ulikuwa umetulia tuli, na hakutaka mtu mwingine yeyote awe pale badala yake.

"Na wewe ni nani wake?" muuguzi akamuuliza Fundi, kalamu juu ya fomu.

Fundi akamgeukia Mwalimu.

"Mchumba wangu," Mwalimu akadakia.

"Tangu lini?" Fundi akaropoka.

"Tangu sasa hivi. Hebu kaa, unamzibia muuguzi mwanga."