Kila Kichwa na Wembe Wake

Kinyozi wetu ana maneno mengi, lakini mkono wake ni mwepesi. Mteja akikaa kitini, kwanza humfungulia wembe mpya mbele ya macho yake. Akimaliza, wembe huo huenda kwenye kopo la bati. Hautumiki tena kwa mtu mwingine. Ukutani, juu ya kioo, pameandikwa kwa rangi nyekundu: KILA KICHWA NA WEMBE WAKE.

Maandishi hayo aliyaandika mdogo wake, fundi wa kupaka rangi nyumba. Watu wote humwita Brashi. Zamani Brashi alikuwa na kazi nyingi na kicheko kikubwa. Kisha akaingia kwenye heroini, akawa anajidunga. Kazi zikapungua, na mwili nao ukapungua. Sasa alikaa chumba cha uani nyumbani kwa kaka yake. Kinyozi alimpa chakula na mahali pa kulala, lakini alimpa na sharti moja.

"Kule dukani usije," alimwambia. "Wateja wakikuona watanikimbia."

Brashi hakubisha. Alianza kuvaa kofia, maana nywele zake hazikuwa na mtu wa kuzinyoa. Kinyozi aliiona kofia hiyo kila siku, akajifanya haioni.

Jumapili moja mchana, Kinyozi aliingia chumba cha uani kuchukua ngazi. Nyuma ya ngazi akakuta mfuko. Ndani mlikuwa na sindano mpya, kila moja kwenye karatasi yake. Mlikuwa pia na pamba, na kisanduku cha njano cha kuwekea sindano zilizotumika. Damu ikamchemka.

"Kumbe nafuga duka la sindano!" alisema peke yake.

Akaubeba mfuko, akautumbukiza chooni. Alifikiri, bila sindano, mdogo wake hatajidunga. Alijiona mjanja kweli. Lakini hasira ni hasara, na hasara yenyewe ilikuja kesho yake asubuhi.

Kinyozi alikuwa akimnyoa dereva wa lori. Upande mmoja ulikuwa tayari, upande wa pili bado. Mara akamwona Brashi mlangoni.

"Si nilikwambia usije hapa?"

"Uliniambia, kaka. Lakini neno hili haliwezi kungoja."

Wakatoka nje. Brashi aliangalia chini.

"Jana nilikuta mfuko wangu haupo. Kituo cha afya, wanakonipa sindano mpya, kilikuwa kimefungwa. Mwili uliniuma, nikatetemeka vibaya. Jioni nikajidunga kwa sindano ya mwenzangu. Alikuwa ameshaitumia yeye. Sijui kama ana virusi vya UKIMWI. Hata yeye hajui, hajawahi kupima."

Kinyozi akasema, "Ule mfuko niliutupa mimi."

"Najua, kaka," alisema Brashi. Hakukasirika, na hilo lilimuuma Kinyozi kuliko matusi.

Kinyozi akamaliza kichwa cha dereva harakaharaka, akafunga duka. Wakaenda kituo cha afya pamoja.

Nesi alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Brashi! Leo umewahi. Karibuni mkae."

Kinyozi akaanza, "Nesi, huyu mdogo wangu, teja wa heroini, amefanya..."

"Hapa hakuna teja," alisema Nesi. "Kuna Brashi. Haya Brashi, niambie mwenyewe. Kumetokea nini?"

Brashi akaeleza yote. Nesi hakumgombeza.

"Umefanya vizuri sana kuja mapema," alisema. "Kuna dawa za kuzuia virusi visishike mwilini. Lazima uanze kabla ya saa sabini na mbili kupita, yaani siku tatu. Ukiwahi zaidi, ni bora zaidi. Tutakupima kwanza. Kisha utameza kila siku, kwa siku ishirini na nane. Usiruke hata siku moja. Halafu tutakupima tena."

Kinyozi akashindwa kuvumilia. "Lakini Nesi, nyinyi mnaogawa sindano, si ndio mnaowachochea?"

"Wewe unafanya kazi gani, baba?"

"Mimi ni kinyozi."

"Unabadilisha wembe?"

"Kila kichwa!" alijibu Kinyozi kwa fahari.

"Kwa nini?"

"Ili damu ya huyu isiingie kwa yule."

"Na huo wembe mpya ndio unaowaotesha watu nywele?"

Brashi alikuwa wa kwanza kucheka. Kinyozi akajikuna kichwa.

"Nywele zinaota zenyewe, Nesi."

"Na hamu ya heroini inakuja yenyewe. Ni ugonjwa. Sindano mpya haileti ugonjwa huo. Inamlinda, awe mzima hadi siku atakapokuwa tayari kuacha. Siku hiyo ikifika, tuna dawa ya kunywa inayoitwa methadoni. Atakuja kuinywa hapa kila siku, na itamtuliza hamu ya heroini. Na sindano zilizotumika msitupe chooni. Zitieni kwenye kisanduku, mnirudishie."

Kinyozi akapokea mfuko mpya wa sindano kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa ameona aibu, na alistahili kuona aibu.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi alipiga hodi chumba cha uani akiwa na kikombe cha maji. Siku za mwanzo Brashi alisikia kichefuchefu. Nesi akamshauri ameze dawa baada ya kula, akapata nafuu. Mfuko mpya ulikaa nyuma ya ngazi, na Kinyozi hakuugusa. Mwezi wa pili Brashi mwenyewe akasema, "Kaka, nataka kuanza methadoni." Akaanza.

Baada ya miezi mitatu alipimwa tena. Hakuwa na virusi. Kinyozi alilia palepale mbele ya Nesi, wala hakujificha.

Wakati wa kurudi walipita dukani. Ilikuwa Jumamosi, na wateja walikuwa wakisubiri.

"Ingia," alisema Kinyozi.

"Na wateja wako?"

"Ingia, mdogo wangu. Keti."

Brashi akakaa kitini, akavua kofia. Mteja mmoja akasimama. "Akitoka teja hapo, mimi nitakaaje? Si nitaambukizwa UKIMWI?"

"Virusi vya UKIMWI havikai kwenye kiti," alisema Kinyozi. "Havipiti kwenye kikombe wala kwa kupeana mikono. Na huyu anaitwa Brashi. Ndiye aliyeandika ukuta huu."

Yule mteja akatoka. Kinyozi alimtazama akienda. Je, wengine watamfuata?

Dereva wa lori alikuwa kwenye benchi. Akausoma ukuta kwa sauti, neno baada ya neno: "Kila kichwa na wembe wake." Akanyoosha miguu.

"Mimi nafuata baada ya Brashi," alisema. "Ila leo, Kinyozi, pande zote mbili ziwe sawa!"

Duka zima likacheka. Kinyozi akachukua wembe mpya, akaufungua mbele ya macho ya mdogo wake.

"Umeuona?"

"Nimeuona, kaka," alisema Brashi, akainamisha kichwa.