Fundi Alifunga Gesi

Maiti ilikuwa imelala chali ndani ya tela, blanketi limefika kifuani, miguu imegusa masanduku ya safari. Midomo na kucha zilikuwa na wekundu wa kupendeza, wekundu wa mtu mwenye afya. Hicho ndicho kilichomtisha Inspekta. Maiti haina haki ya kupendeza namna ile.

Askari walimwita Inspekta Sindano, nyuma ya mgongo wake bila shaka, maana alikuwa mwembamba na swali lake lilikuwa likichoma. Aliinama mlangoni akachungulia. Tela lenyewe lilikuwa dogo: kitanda, jiko, kabati, basi. Lakini limepangwa na mtu anayejua barabara. Sufuria zimetundikwa na kubanwa kwa mipira zisigongane. Madumu ya maji yamejaa. Matairi ya akiba, jeki, turubai, na grisi mbichi kwenye beringi za magurudumu. Nje, gari lilikuwa limeshaunganishwa, pua imeelekea getini.

Marehemu alikuwa dereva mstaafu wa malori. Mkewe, mwalimu mstaafu, alisimama uani na gauni alilolipiga pasi kwa ajili ya safari.

"Kwa nini alilala humu, mama?"

"Alitaka kulijaribu. Nikamwambia mimi nitalala humo njiani, hapa nina kitanda changu. Tukacheka." Akalinyoosha gauni. "Ndiyo maneno yetu ya mwisho, afande. Mzaha."

"Mlango?"

"Aliukomea kwa ndani. Asubuhi nikamgongea aje anywe chai, kimya. Shemeji ndiye aliyeuvunja."

Shemeji huyo, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, alikuwa fundi wa kuchomelea. Tela lile alilitengeneza yeye kwa mikono yake, tangu fremu hadi paa. Alifika jana jioni kuwaaga, na zawadi ya safari juu: jenereta ndogo. Sasa alikuwa ameketi kizingitini, analia kwa sauti.

"Ni gesi hiyo! Kaka amewasha jiko ajipashie maji, humo ndani hakuna hewa. Yule fundi wa gesi ameniulia kaka yangu!"

Konstebo alisogea kifua mbele. "Fundi tumeshamkamata, afande. Tumemnasa hapo getini, na amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kwamba ndiye aliyefunga gesi jana. Mkuu wa kituo anataka jalada liende mahakamani leo leo."

Kituoni, kwenye benchi la kaunta, mke wa fundi alikuwa ameketi na mimba yake pevu, ameshika shati safi la mumewe. Alimtazama tu Inspekta akipita kwenda mahabusu, na Inspekta aliyahisi macho yale mgongoni.

Fundi alikuwa mtu mzima mwenye upara, sauti imeshamkauka kwa kujieleza.

"Ulifunga gesi?"

"Nilifunga, afande."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa! Nilikaza, nikakaza tena."

"Sasa mbona mtu amekufa?"

"Si ndilo ninalowauliza tangu asubuhi? Gesi imefungwa! Itamuuaje mtu?"

"Umesikia, afande?" alidakia konstebo. "Anakiri mwenyewe, wala hajasukumwa."

Inspekta alikuwa anaitazama mikono ya fundi. Kila aliposema "nilifunga", vidole vyake vilizunguka hewani, kama vya mtu anayezima bomba la maji.

"Mpira wa gesi uko wapi?"

"Ninao! Uko kwenye mfuko wangu wa zana, hapo kaunta. Mpya huo. Wa zamani ulikuwa umepasuka, nikauchomoa nikautupa. Nikamwambia mzee, gesi nimeifunga, kesho alfajiri nakuletea mpira mwingine. Ndiyo nilikuwa naupeleka, mkanidaka!"

"Kwa hiyo hukuunganisha."

"Nilifunga, afande. Nilifunga! Niseme kwa lugha gani?"

Lugha yetu ni tamu, lakini ina siku zake. Fundi akifunga mashine, ameiweka ifanye kazi. Akifunga bomba, amelizuia lisitoe kitu. Na kwa neno hilo moja mume wa mtu alikuwa anapelekwa kuozea gerezani, na waliomwandikia maelezo hawakujisumbua kumuuliza swali la pili. Inspekta alipandwa na hasira hadi masikio yakamwaka.

"Jalada lisiguswe," alisema.

"Mkuu amesema kabla ya saa za mahakama kwisha…"

"Nimesikia alichosema."

Alirudi uani akafungua sanduku la mbele ya tela. Mtungi ulikuwa umezimwa kisawasawa, kichwa kitupu. Jiko lile halikuwa limewaka. Basi marehemu kavuta nini?

Simu ikaita. Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuwa mtu wa salamu ndefu. "Damu yake imejaa kaboni monoksidi, ndiyo maana ni mwekundu vile. Moshi wa injini, au mkaa, ndani ya chumba kisichopumua."

Inspekta akapanda ngazi. Tundu la hewa la paani lilikuwa limezibwa kwa tambara, limesokomezwa kutoka nje. Akalichomoa. Lilikuwa limejaa vitundu vidogo vya kuungua, vile vinavyoachwa na cheche. Akashuka, akalala chali chini ya tela na shati lake jeupe. Usawa wa kitanda kulikuwa na tundu la duara lenye kifuniko cha bati. Masizi yalikuwa yameganda pande zote za ukingo.

"Mama, tundu hili la nini?"

"Lipi? Hata sijui kama lipo."

"Jana usiku mlisikia nini?"

"Umeme ulikatika. Mtaa mzima majenereta yalikuwa yananguruma. Shemeji naye akawasha yetu, Mungu ambariki, tukapata mwanga."

"Aliiweka wapi?"

"Sikutoka nje. Asubuhi niliikuta mlango wa jikoni."

Inspekta alimwita shemeji sebuleni, akamkalisha, akabaki amesimama. Konstebo alikaa mlangoni.

"Nani alikwambia jiko linafanya kazi?"

"Kaka. Nilipofika tu aliniambia fundi ameshafunga gesi, safari imeiva."

"Fundi aliizima. Mtungi hauna hata mpira."

Machozi ya yule bwana yalikatika hapo hapo. "Basi mimi sijui."

"Jenereta ilikaa wapi usiku?"

"Mlango wa jikoni."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Na masizi chini ya kitanda?"

"Sijui."

"Tundu ulilitoboa wewe."

"La kutolea maji."

"Maji hayaachi masizi, moshi wa jenereta ndio unaoyaacha. Na tambara la paani? Lina matundu ya cheche sawa na ovaroli yako."

Shemeji aliinua uso. Haukuwa tena uso wa mfiwa. "Afande, kaka yangu huyu ndiye aliyenilea. Nimuue kwa lipi? Nitajie sababu moja."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mwisho wake Inspekta alikuwa bado hajauona. Sababu hakuwa nayo. Simu ilitetemeka mfukoni: mkuu wa kituo, anataka jalada lake. Bila sababu, wakili yeyote angesema jenereta ilisahauliwa pabaya, na fundi angebaki ndani.

Mlango ukafunguliwa. Mjane aliingia, kanga begani.

"Samahani, afande. Daktari akimaliza, naomba mwili. Shemeji, jiandae. Marehemu aliusia azikwe ubavuni kwa mama yenu, kijijini kule kule tulikokuwa twende. Tela liko tayari. Tutampeleka nalo."

"Hapana," shemeji alisema.

"Hapana nini?"

"Barabara mbaya kule, shemeji."

"Ulimwambia hivyo, akanunua matairi mapya."

"Maji hakuna."

"Akanunua madumu."

"Hakuna pa kulala! Nyumba ya mama ilianguka, si niliwaambia?"

"Ulituambia. Na yeye akakwambia, basi nitengenezee nyumba ya magurudumu. Ukaitengeneza. Sasa kwa nini tusiende?"

Inspekta hakupepesa jicho. Hakutaka hata kiti kilie.

Shemeji aliteleza kutoka kwenye kiti, taratibu, mpaka akakaa sakafuni.

"Mama hayupo pale," alisema.

"Hayupo vipi?"

"Niliuza. Shamba, nyumba, na kaburi humo humo. Nyumba haikuanguka, iliangushwa. Sasa hivi pale ni kituo cha mafuta. Katapila lilipita mara moja tu." Alijifuta uso kwa mkono mweusi wa kazi. "Nilidhani atachoka. Kila nikimpa kikwazo, ananunua dawa yake. Anapaka grisi huku anaimba. Jana ananiambia, mdogo wangu, nitalala karibu na mama hadi nishibe. Ningemtazama vipi usoni?"

"Ukaona heri afe," alisema Inspekta.

"Niliona heri asijue."

Inspekta alimgeukia konstebo. "Mtie pingu. Kisha piga simu kituoni, fundi atoke sasa hivi. Na wewe mwenyewe utakwenda kumwomba radhi, yeye na mkewe."

Mjane alikuwa bado amesimama palepale. Alimtazama shemeji yake kwa muda, kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyemtegemea.

"Angekutukana," alisema. "Angekufukuza kama mbwa. Halafu kabla ya jua kuzama angekutafuta mle pamoja. Hukumjua kaka yako?"

"Nilimjua, shemeji."

"Basi niambie. Nikamzike wapi?"

Alisubiri jibu kwa kweli. Shemeji alitazama mikono yake ndani ya pingu, na askari wakamwinua.