Aliyeketi Kulia kwa Harnam

Jioni hiyo Bhagwanti alikwenda kuchukua maziwa mwenyewe, kwa sababu Nasambu alikuwa ameacha kazi.

Hakuacha kwa ugomvi. Alifunga nguo zake kwenye leso, akasimama mlango wa jikoni, akanong'ona kama mtu aliye kanisani.

"Mama, mimi narudi kwetu Kanduyi. Siwezi pika hapa tena."

"Nimekukosea nini?"

"Si wewe. Ni huyo mwenye anakaa na mzee."

"Anayekaa na mzee ni mimi."

"Wewe unakaa kushoto," Nasambu akasema. "Mimi nasema wa kulia. Harafu ni yeye anamaliza chai."

Bhagwanti alimwambia aache mambo ya kijinga, akamfungia chapati za njiani. Nasambu alipofika langoni aligeuka.

"Shangazi yangu anasema hivi, mama. Ukiweka kiti kando ya mgonjwa na hukikalii, kuna mwenye atakuja kukikalia. Si mimi nasema. Ni shangazi."

Hicho kiti kilikuwa ushauri wa daktari.

Mumewe, Harnam Singh, alianguka dukani mwezi wa tatu, mwaka wa themanini na saba, kati ya misumari na majembe. Alipoamka, nusu ya dunia ilikuwa haipo. Alikula nusu ya kulia ya sahani, akalalamika kwamba katika nyumba hii watu wanapunjwa. Alichana ndevu upande mmoja. Kilemba chake, ambacho Kitale nzima ilikijua kwa unadhifu, kilikaa sawa kulia, na kushoto kikaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Mkono wake wa kushoto aliukuta kitandani, akaomba kwa heshima mwenyewe aje auchukue.

Afisa wa leseni alitaka sahihi ya mwenye duka mwenyewe, si ya mkewe, sheria ni sheria. Harnam akabanana kwenye ukingo wa kulia wa karatasi, akaandika jina hadi likamwagikia mezani. Afisa aliitazama sahihi ile iliyokuwa nusu kwenye karatasi na nusu kwenye mali ya serikali, akapiga muhuri. Muhuri ulikuwa mzima. Hilo ndilo lililohitajika.

Daktari Mathenge, kijana mwenye haraka, alieleza vizuri.

"Macho yake ni mazima, mama. Kilichopigwa ni ubongo, upande wa kulia, na huo ndio unaotunza kushoto. Si kwamba haoni. Hajui kwamba huko kuna kitu cha kuona. Wewe kaa kulia kwake, atakuona."

Bhagwanti akaweka kiti cha mianzi kulia kwa mumewe, pale barazani. Lakini hakukikalia. Siku ya ndoa yao, mbele ya Kitabu kitakatifu cha Masingasinga, bi arusi aliketi kushoto kwa bwana arusi, kama ilivyo desturi, na tangu siku hiyo hakuhama: mezani, hekaluni, kwenye gari la mizigo wakienda Bungoma kuchukua bidhaa. Mke wa kushoto ahamie kulia kama mgeni? Angemwita, naye angegeuka. Watoto walikuwa Uingereza na barua zao zilikuwa fupi. Alitaka jambo moja tu: Harnam amgeukie, amwone.

Miezi minne alimwita. Hakugeuka.

Jioni hiyo, kule Matisi, Cherono muuza maziwa alimpimia kwa kikombe cha bati.

"Mzee anaendeleaje, mama?"

"Nusu," Bhagwanti akasema.

Cherono akacheka, kisha akaona haya.

Aliporudi, giza lilikuwa linaanza kuingia na stima ilikuwa imepotea, kawaida ya jioni za mvua. Alifungua lango polepole asimwage maziwa.

Akasikia kicheko.

Harnam alikuwa anacheka. Si kile kicheko cha mgonjwa... kile cha zamani, cha kijana mwenye pikipiki mpya.

Kisha bangili. Kling... kling...

Bhagwanti akatazama mikono yake. Bangili zake zilikuwa zimeshikwa na mpini wa ndoo, kimya.

Na harufu. Aliijua kabla ya kuikubali. Hina. Hina mbichi, ya mikono ya bi arusi. Katika nyumba hii hina haikuwahi kuingia tangu harusi.

Akapanda baraza. Harnam alikuwa amempa mgongo. Kiti cha kushoto, chake, kitupu. Kiti cha kulia, kitupu. Mbele ya kiti cha kulia palikuwa na kikombe, na chai yake ilikuwa imekwisha.

Akasimama kushoto, kwa mazoea.

"Unaongea na nani?"

Harnam hakugeuka. Aliinamia kulia, akanong'ona.

"Bhagwanti, umesikia? Kuna mtu amesimama mlangoni."

Mianzi ikalia, kama inavyolia mtu akiinuka.

Bhagwanti alikuwa mwanamke wa duka. Mwizi hamwachii kaunta. Aliweka ndoo chini, akazunguka nyuma ya mumewe, akaketi kwenye kiti cha kulia kwa uzito wake wote.

Kilikuwa na joto.

"Ni mimi," akasema. "Harnam, nitazame. Nimekuja upande wako."

Macho ya Harnam yakampitia. Hayakukwepa, hayakukasirika. Yalimpitia kama yalivyopitia nusu ya chapati kila siku.

Upande wa pili wa baraza, kiti chake cha miaka yote kikalia. Kling...

Na Harnam, polepole, shingo ikitetemeka, akageuka kushoto.

"Aa," akasema, akatabasamu. "Mbona umehama?"

Wiki iliyofuata Bhagwanti alimpeleka hospitali. Daktari Mathenge alisogeza kalamu mbele ya uso wa mgonjwa, na Harnam akaifuata kushoto hadi mwisho. Daktari alifurahi sana. Akaandika kwenye faili kwamba maendeleo ni mazuri, akapiga muhuri.

"Kushoto kumerudi," akasema. "Hongera, mama. Uvumilivu wako huo."

Akatoa mkono kupongeza.

Aliutoa kuelekea kiti kitupu kilichokuwa kushoto kwa Harnam, akautikisa kidogo hewani, akairudisha kalamu mfukoni.

Bhagwanti alikuwa amesimama kulia.