Kibodi ya Pili

"Sindano, unamwona?"

"Namwona mpaka kisogo, Babu."

"Usimpoteze," redio ya kifuani ilikoroma.

Yamaha ilinguruma, ikalala kwenye kona, ikanyanyuka tena. Mbele yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa ikiteremka mlima kutoka bwawani kwa fujo. Aliyeendesha alikuwa Mshauri, yule mgeni aliyekuja, kwa maneno yake, kukagua mitambo. Idara ya usalama ilikuwa na maneno mengine. Ilijua kuwa ametumwa na watu wa nje waliotaka bwawa lilete maafa, nchi ionekane imeshindwa kulisimamia, kisha wao wajitokeze kulichukua. Na Idara iliamini yuko mtu wa ndani anayemsaidia.

Mtu huyo, kwa mujibu wa Babu, mkuu wa operesheni, alikuwa mwendesha mageti ya bwawa, yale yanayozuia na kuachia maji.

Mdogo wake Sindano. Ndugu yake toka nitoke.

Simu iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki ikatetemeka. Sindano alitupia jicho.

TUNDU LA TATU: KIBODI YA PILI.

Alivuta mafuta mpaka mwisho.

Kompyuta mpakato aliyopewa mdogo wake kazini ilikuwa nyembamba, nzuri kuitazama, na ilikuwa na tundu moja tu. Akichomeka kebo ya mageti, chaja inakaa pembeni. Akichomeka chaja, mageti yanasubiri. Na betri yenyewe ilikuwa imechoka, haikai na chaji hata ya kumalizia soga. Kila Jumapili walipokutana kwa mama alilalamikia tundu lile, mpaka mama akamwambia aache kuleta ofisi mezani.

Basi Sindano akamletea zawadi. Kiboksi cha kijivu, chenye mkia mmoja wa kuingia kwenye kompyuta na matundu mbele na nyuma: ya chaja, ya skrini kubwa, ya kibodi, ya printa, ya flashi, ya kebo yoyote uitakayo. Mdogo wake alimkumbatia mbele ya sahani. "Dada, umeniokoa!" Mama akafurahi kuliko wote. Sindano alicheka nao, lakini sahani yake ilirudi jikoni na chakula chake. Ndani ya kiboksi kile Idara ilikuwa imelaza kidude chake, kinachosikiliza kila kinachochomekwa na kumpelekea yeye umbea. Alikuwa amejidanganya kwamba afadhali kijana apelelezwe na dada yake kuliko na mtu asiye na huruma.

Ilikuwapo sheria ya zamani katika chumba cha mageti: kebo ya mageti ikae peke yake. Hakuna aliyehangaika kuisimamia. Tundu lilikuwa moja, ungechomeka nini kingine? Idara ikapiga simu mahali fulani, na kiboksi kikaruhusiwa.

Sasa mtu amechomeka kibodi ya pili. Mwendesha mageti hana haja ya kibodi mbili. Lakini kompyuta ni mtiifu kupita kiasi. Kitu chochote kikijitambulisha kuwa ni kibodi, hata kikiwa kidogo kama ukucha, inakiamini na kufanya kinachoandika.

Na chini ya mlima, kwenye mchanga wa mto, kulikuwa na watu. Wachimba mchanga na makoleo yao. Kina mama na nguo zao.

Sindano alichomoa bastola yake ya Glock.

Risasi ya kwanza ilikula lami. Ya pili ilikula tairi. Land Cruiser ikayumba, ikaparamia ukingo, ikatumbukia mtaroni pua mbele. Kabla vumbi halijatulia, Mshauri alikuwa ameshafungwa pingu kwenye usukani wake mwenyewe.

"Kizime ulichokichomeka," alisema Sindano.

"Hakizimwi kutoka hapa." Alitema damu kidogo, akatabasamu. "Nilimwomba kijana nichaji simu. Mkarimu sana yule. Akaniambia matundu yapo mengi, chomeka popote."

Popote. Maneno ya mtu aliyepewa zawadi akafurahi nayo. Sindano aliona aibu kali, akageuza uso asije yule mwanamume akauona.

"Babu, pigia simu chumba cha mageti. Mwambie mwendeshaji achomoe kila kitu!"

"Mwendeshaji ndiye mshukiwa."

"Si yeye. Amepumbazwa."

"Unasema hivyo kwa kuwa ni mdogo wako. Nikimtahadharisha mshukiwa, nitajibu nini kwa wakubwa?"

Simu ya mdogo wake isingesaidia. Za wafanyakazi wote zilifungiwa kwenye makabati ya langoni; ni wageni wakaguzi tu walioingia na zao.

King'ora kikalia mlimani.

Sindano alirukia pikipiki, akageuza kurudi bwawani. Alipofika kwenye daraja alitazama chini mara moja tu. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanakuja. Watu walikuwa wakikimbilia kingo, wameacha mabeseni, na mashuka yao yalikuwa yameshaanza safari.

Langoni alionyesha kitambulisho bila kusimama. Alipanda ngazi kwa kuruka.

Mdogo wake alikuwa amesimama mbele ya skrini kubwa, jasho linamtiririka, anabonyeza kibodi kwa vidole vyote. Skrini haikumjali. Amri zilikuwa zinajiandika zenyewe, mstari baada ya mstari. Geti la kwanza lilikuwa limenyanyuka. La pili lilikuwa linafuata.

"Dada? Umeingiaje..."

"Chomoa kiboksi!"

"Kiboksi kina nini? Hii ni virusi!"

"Chomoa zawadi yangu! Kebo ya mageti ichomeke kwenye kompyuta yenyewe!"

Alimtazama kidogo, kisha akatii, kama alivyomtii tangu utotoni. Akang'oa mkia. Skrini kubwa ikazima, kibodi ikafa, chaja ikakata. Ikabaki kompyuta nyembamba, tundu moja, kebo moja.

Na betri iliyochoka.

"Haitafika," alinong'ona.

"Andika."

Akaandika. Chini yao mitambo ilikoroma, ikageuza mwendo. Geti la pili likashuka. La kwanza likaanza kufuata, polepole, kama linaombwa hisani. Kompyuta ikalia kudai chaja. Ikalia tena.

Kishindo kikatikisa sakafu. Geti lilikuwa limekaa mahali pake. Skrini ikaonyesha kijani, kisha ikawa nyeusi tii.

Sauti ya Babu ikaja redioni.

"Sindano, mto unapungua. Watu wote wako kingoni, wamepoteza nguo na makoleo tu. Safi sana. Ripoti ni fupi: mwendeshaji alichomeka kifaa kisichoruhusiwa. Sisi kiboksi hatukijui. Umenielewa?"

Mdogo wake alikuwa amesikia. Aliketi, akashika kichwa.

"Sawa anavyosema," alisema. "Sheria niliijua. Nimemwachia mgeni achomeke kitu kwenye mageti ya nchi, dada. Kidogo niue watu. Na zawadi yako nimeitia doa."

Sindano alikuwa amewahi kupigwa risasi ya bega. Ile ilikuwa nafuu.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Kazi yake yote ilikuwa kunyamaza. Alitazama mabega ya mdogo wake yakitetemeka, akajichukia waziwazi, kisha akazima redio. Akachukua bisibisi kwenye mfuko wa vifaa, akamwekea mkononi pamoja na kiboksi.

"Kifungue."

"Cha nini tena?"

"Fungua, mdogo wangu."

Alifungua. Alikuwa fundi mzuri, hakuhitaji kuelezwa. Aliona kilichokuwa cha kiboksi, na akaona kisichokuwa cha kiboksi: kidude cheusi chenye laini yake ya simu, kimebandikwa kwa gundi ya Idara.

"Hiki cha Mshauri?"

"Cha Mshauri kiko kwenye tundu la tatu. Hicho ni changu."

Kijana aligeuza kidude mkononi, akakigeuza tena.

"Tangu siku ile kwa mama?"

"Tangu siku ile."

"Ulinishuku."

"Waliniambia. Nikaamini."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alirudisha mfuniko, akakaza skrubu zote, akakizungushia kiboksi mkia wake vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha jirani, akamkabidhi.

"Nitaandika ripoti yangu mwenyewe," alisema Sindano. "Na kiboksi nitakipeleka, kiseme chenyewe."

"Andika." Alichomeka chaja kwenye tundu moja, akakaa kusubiri kompyuta iamke. Hakugeuka. "Jumapili hii nenda wewe kwa mama. Mimi nitakwenda inayofuata."

Sindano alivaa helmeti. Akafunga koti, akateremka ngazi bila haraka. Langoni walinzi walimpigia saluti, naye akaitikia kwa vidole viwili. Walimwona akiwasha Yamaha na kuondoka, na mmoja akamwambia mwenzake kuwa mwanamke yule hana hata wasiwasi.