Hatua Sitini Kutoka Ukuta wa Ghala

Kijiko ndicho kilichoanza.

Mke wa fundi saa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha nyumba ya wageni, akikoroga chai iliyokwisha kupoa, mara akakitupa kijiko sakafuni kama aliyeshika kaa la moto. Fundi aliinama akakiokota. Kilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

"Kimeniunguza," mkewe alisema.

"Chai yenyewe imelala tangu asubuhi, mke wangu."

"Basi nadeka." Akamnyooshea mkono. Kwenye ncha za vidole viwili palikuwa na malengelenge mabichi, yametuna, yanang'aa.

Fundi alicheka kicheko cha kujipa moyo, akamfunga vidole kwa kitambaa. Mwaka mzima alikuwa amemuuguza mwanamke huyu. Alimlisha, alimgeuza kitandani, alimsomea magazeti hadi sauti ikamkauka. Na daktari aliposema kwamba kilichobaki sasa ni hewa nzuri na utulivu, aliufunga mlango wa duka, akawaacha wenye saa zao wasubiri, akamleta katika mji huu mdogo ambako hawakujulikana na mtu. Watoto hawakuwa nao, ndugu walikuwa wachache na wa mbali. Duniani palikuwa na kitu kimoja tu alichoogopa kukipoteza, na kitu hicho kilikuwa kimekaa mbele yake, kikipuliza vidole.

Starehe yake ilikuwa moja, na mkewe ndiye aliyemsisitiza asiiache nyumbani: kigunduzi, ile fimbo yenye sahani mwishoni, ambayo hulia katika hedifoni kila ipitapo juu ya chuma au shaba iliyozikwa. Wenzake wengi wa mchezo huo waliingia mashamba ya watu kwa kunyemelea. Yeye alikuwa na sheria mbili, na alizishika kama mtu ashikavyo sala. Ya kwanza, hachimbi pasipo ruhusa ya maandishi. Ya pili, haachi taka shimoni: msumari, kizibo, kipande cha bati, kila kisicho na thamani kilichotoka ardhini alikitia guniani akaondoka nacho, kisha akalifukia shimo hadi nyasi zenyewe zisijue kwamba ziliguswa.

Ruhusa ya safari hii ilimtoa jasho. Karani wa manispaa alimsikiliza huku akijipepea kwa faili.

"Bustani ya mji?" fundi aliuliza.

"Hapana."

"Magofu ya kilimani?"

"Huko, kaka, hata kijiti cha meno huruhusiwi kukichomeka. Ni urithi wa taifa."

"Kingo za mto?"

"Mto una wizara yake. Andika barua, utajibiwa mwakani, Mungu akipenda na mimi nikiwa hai." Karani akamhurumia. "Nenda kwa wenye mashamba. Mwenye chake akikubali, sisi hatuna neno."

Mwenye shamba wa kwanza alimfungulia mbwa. Wa pili alidhani yanatafutwa mafuta, akataka afanywe mshirika. Wa tatu alikuwa mama mwenye nyumba ile ile ya wageni, kikongwe mfupi mwenye ulimi mwepesi, aliyempa jina la Twiga tangu siku ya kwanza alipomwona akiinama kupita mlangoni.

"Shamba la nyuma ni langu," alisema. "Chimba, Twiga wangu, labda utanipatia bangili niolewe tena. Lakini ni hatua sitini kutoka ukuta wa ghala. Usizidishe. Mbele ya hapo si pangu pa kumruhusu mtu."

"Ni pa nani, mama?"

"Nimesema si pangu. Wewe andika."

Fundi akaandika, bibi akatia dole gumba. Asubuhi yake alisimama mgongo ukutani, akahesabu hatua sitini kwa sauti, akachomeka kijiti cha mpaka. Mji mzima haukuwa na mtu mwaminifu kumshinda.

Hatua chache kabla ya kijiti, kigunduzi kililia. Alichimba akatoa kigingi cha chuma, urefu wake kama dhiraa, kimegongomewa wima hadi kichwa kikapotea udongoni. Pembeni yake akapata kingine, kisha kingine, kisha cha nne, kila kimoja kwenye pembe yake, kama miguu ya kitanda kilichozama. Kutu tupu. Alivitia vyote guniani, akafukia mashimo kwa ustadi, na mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita na mkokoteni wake, akampa bure.

"Nimewasafishia ardhi yao," alimwambia mkewe kwa fahari.

Kesho yake ikawa kijiko.

Siku hiyo hiyo, saa sita mchana, wakati jua la utosi limewafukuza watu wote vivulini na nyumba imetulia kwa usingizi wa baada ya chakula, fundi alisikia mtu akitembea nje. Hatua zilikuwa nzito, zenye nafasi sawa baina yake, na baada ya kila hatua palikuja neno lililosemwa chini kwa chini, kama mtu apimaye kiwanja. Alifungua dirisha. Shamba lilikuwa jeupe kwa jua, halina hata kuku. Hatua zilikoma, harufu ya kutu iliyolowa ikaingia chumbani, ikakaa.

"Nani yule anahesabu?" mkewe aliuliza bila kufumbua macho.

"Vibarua, nadhani."

"Vibarua gani wa kuhesabu kinyumenyume?"

Siku ya pili hatua zilikoma karibu na ghala. Siku ya tatu zilikoma uani. Mkewe hakugusa tena kitasa wala bomba wala kifungo cha sanduku. Alimwomba mumewe amfungulie kila kitu, na alipoulizwa sababu alisema ni uchovu tu. Siku ya nne fundi aliamua kukesha mchana ule, kama ambavyo wengine hukesha usiku. Akaketi mlangoni, na hatua zilipoanza kule mbali akazisikia zikilikata shamba, zikapita ghala, zikaingia uani, zikapanda ngazi moja baada ya nyingine bila ubao hata mmoja kulalamika, zikafuata ukumbi huku harufu ya kutu ikizidi hadi ikawa ladha ulimini mwake, na neno lile la kuhesabu likisogea pamoja nazo, wazi sasa, kavu, la kiumbe asiye na haraka kwa kuwa anakijua anachokijia na anajua kwamba hakuna wa kumzuia, mpaka alipogeuka kumtazama mkewe kitandani akaona kwamba midomo iliyokuwa ikihesabu ilikuwa ni ya mkewe.

"Kumi na mbili," mkewe alisema, macho yamefumbwa, na nyuma ya mlango hatua zikasimama.

"Mke wangu. Mke wangu, amka!"

Akafumbua macho. Akamshika mumewe shati kwa mikono miwili, akanong'ona kama mtoto anayeogopa kusikiwa. "Anasema zimebaki kumi na mbili. Kesho atazimaliza. Usiniache, tafadhali, usiniache hata kidogo."

"Nani anasema?"

"Mwenye pale."

Fundi alimbeba mkewe mgongoni kama gunia, akashuka naye hadi jikoni kwa mama mwenye nyumba, akamweleza yote kwa pumzi moja. Kikongwe aliweka kisu chini polepole.

"Ulihesabu sitini?"

"Sitini kamili, mama. Wallahi sikuzidisha hata moja."

Bibi alimtazama kuanzia usoni, akashuka, akafika kwenye miguu yake, akabaki hapo. Kisha akatoka hadi ghalani, akauegemea ukuta, akaanza kutembea kwa hatua zake fupi za kizee, akihesabu. Alipofika sitini alisimama. Kijiti cha fundi kilikuwa mbele yake kwa umbali wa nyumba nzima, na mahali palipokuwa na vigingi palikuwa katikati.

"Hatua zangu, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imepoteza mzaha wote. "Hatua zangu mimi! Nani alikuambia upime ardhi yangu kwa miguu ya twiga?"

Mganga waliyemwita hakuwa na tunguri wala kibuyu. Alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyefika kwa pikipiki, miwani ya kazi imekaa juu ya paji la uso. Vigingi vile vilifuliwa na babu yake ili kumfunga mwenye pale, na maneno ya kuvifulia alimwachia yeye.

"Viko wapi?" aliuliza.

"Nimempa mnunuzi wa vyuma chakavu."

"Vyote vinne?"

"Mimi... siachi taka shimoni."

"Shemeji, nimeona watu wakiponzwa na wizi, na tamaa, na pombe. Wewe ndiye wa kwanza nimwonaye akiponzwa na usafi." Mwanamke yule akavua glovu. "Haya. Kulia hakutafua chuma. Nitafua vingine."

Alifua hadi alfajiri, na kila alipopiga nyundo alisema maneno ambayo fundi hakuyasikia vizuri. Kulipopambazuka alimpa masharti, akimhesabia kwa vidole vyenye makovu ya cheche.

"Mwenye pale amefungua njia kati ya pale na mkeo, na njia hiyo lazima airudie mwenyewe. Kwa hiyo mkeo atasimama katikati. Saa sita atakuja kumalizia hatua zake, atamkuta pale, nami nitapiga vigingi. Nikipiga cha tatu, mvute mkeo atoke. Usiulize, usingoje. Mvute. Cha nne ni mlango, na mlango huu haumjui aliye ndani, hufunga tu."

"Na nikichelewa?"

"Usichelewe."

Saa sita wakamsimamisha mkewe katikati ya mraba, miguu mitupu, shuka nyeupe mabegani. Alimtazama mumewe, akajaribu kutabasamu. "Ukiniangusha, Twiga," alisema, "nitakusimanga hadi ahera."

Kigingi cha kwanza kikazama, na upepo ukakoma. Cha pili kikazama, na hatua zikaanza, si kutoka mbali tena bali papo hapo, zikiwazunguka, kumi na mbili, kumi na moja, kumi, na vumbi likanyanyuka kwa kila hatua, likajisokota, likapanda likawa nguzo ya kimbunga nyekundu yenye harufu ya kutu iliyomjaza fundi pua na macho na koo, hata mkewe akawa kivuli ndani yake, kisha vivuli viwili, kisha kimoja tena, naye akasikia nyundo ikitua juu ya cha tatu na mganga akipiga ukelele, "Sasa! Mvute!" akautumbukiza mkono wake ndani ya vumbi lile, na mkono mwingine ukaushika mara moja, kana kwamba ulikuwa tayari unamngoja, naye akavuta kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

Nyundo ikatua juu ya cha nne.

Vumbi likaanguka kama nguo iliyokatwa kamba. Mkewe alikuwa kifuani mwake, akihema, mzima. Kikongwe akalia kwa furaha. Mganga akaketi chini akajifuta jasho, akasema kwamba kwa kazi kama ile babu yake angetafuna tumbaku siku tatu.

Siku mbili zikapita kwa amani. Hakuna aliyetembea mchana. Mkewe alilala vizuri, alikula, aliketi barazani akitazama shamba. Chai aliinywa bila sukari, bila kuikoroga. Vidole vyake vilikuwa vimepona kabisa, laini, havina hata kovu, na fundi alimshukuru Mungu wala hakujiuliza ni ngozi gani hupona kwa siku mbili.

Asubuhi ya kuondoka, mizigo ikiwa tayari garini, mama mwenye nyumba alimwomba jambo moja. "Pitisha hicho kidude chako, Twiga, unihakikishie kwamba vyote vinne vimekaa sawasawa. Mimi nitalala kwa raha. Pita juu tu, usichimbe."

Fundi akavaa hedifoni. Pembe ya kwanza ililia, kali na safi. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akaridhika. Akageuka kurudi, na sahani ya kigunduzi ikapita katikati ya mraba, mahali ambapo hapakuwa na chuma chochote.

Hakikulia. Kilinyamaza kwa namna ambayo hakijawahi kunyamaza, kama sikio linalotegwa, na ndani ya kimya hicho, kutoka chini sana, palikuwa na sauti dhaifu ya mwanamke aliyekwisha kulia hadi akachoka. Aliijua. Mwaka mzima aliisikiliza sauti hiyo gizani ili ajue kama bado inapumua.

"Mume wangu," ilisema. "Nilikunyooshea mkono. Ukashika wa nani?"

Fundi akaanguka magotini. Akatambaa hadi pembe ya nne, akafukua udongo kwa kucha hadi akakifikia kichwa cha kigingi, akakikamata.

Kivuli kikamfunika mgongo. Mkono laini, mwepesi, usio na kovu, ukatua begani mwake, na sauti ile ile, nzima, yenye afya, ikamwambia kwa upole karibu na sikio:

"Inuka twende, mume wangu. Hapo haturuhusiwi kuchimba."

Fundi saa hakukiachia kigingi. Wala mkono ule haukumwachia yeye.