Jibu Nililompa Mhudumu

Mama Mdogo akirudi kazini, jambo la kwanza huomba beseni la maji ya moto aloweke miguu. Mikono haiingizi. Mikono, husema, imeshaona maji ya kutosha tangu asubuhi. Mimi humpelekea beseni, huketi kwenye kigoda mbele yake, kisha humwuliza swali lile lile la kila siku.

"Leo walikula nini?"

Naishi naye tangu nikiwa darasa la kwanza, na muda wote huo amekuwa akiosha vyombo katika mgahawa wa Kitaliano wenye milango ya vioo. Pale mgeni hachagui chakula. Mpishi mkuu ndiye huchagua, na mgeni huletewa sahani tisa, moja baada ya nyingine, kwa muda wa saa tatu.

"Sahani kubwa kama ungo, chakula chenyewe kama kipande cha sabuni kilichokwisha," Mama Mdogo husema akicheka. "Mtu anakula mara tisa, na akifika kwake bado anafunua sufuria."

Wageni wenyewe yeye hawaoni. Huona sahani zao tu zikirudi, akajua nani amemaliza na nani amesukumasukuma chakula pembeni. Lakini majina ya vyakula anayajua, na mimi niliyakariri yote. Nina kipaji hicho. Ndiyo maana darasani waliniita Redio.

Jumapili moja alinunua fungu la mrehani sokoni. Aliutwanga kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu, chumvi na mafuta, akapata mchuzi mzito wa kijani, akauchanganya na tambi. Aliniambia kwamba mchuzi huo huitwa pesto.

"Ndiyo ile ile ya kazini?" nilimwuliza.

"Inafanana. Wao wana vikorombwezo vyao, mimi vyote sivijui..."

Sikumsikiliza amalize. Sahani yangu ilikuwa tamu na mdomo umejaa.

Kesho yake shuleni nilipiga chuku. Nilisema mama yangu mdogo ni mpishi katika mgahawa ule, tena msaidizi wa mpishi mkuu. Nikaona macho ya wenzangu yanametameta, nikaongeza kwamba mimi mwenyewe nimeshakula pale mara tatu. Uongo una njaa. Ukiulisha kijiko kimoja unataka cha pili.

Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa rafiki yangu tunayemwita Yai. Jina hilo hakulipenda. Alilipata siku mwalimu aliposoma mbele ya darasa barua kutoka kwa baba yake: mtoto huyu ana mzio wa karanga, korosho na jamii yake yote, akila hata kidogo anaweza kuvimba koo na kushindwa kupumua. Tangu siku hiyo, akifungua chakula chake, lazima atokee mpuuzi wa kupiga kelele, "Jamani, taratibu, Yai litapasuka!" Watu hucheka. Nasema ukweli, hata mimi niliwahi kucheka.

Baba yake ni fundi wa miwani. Alimtengenezea mpishi mkuu miwani isiyoshika mvuke wa sufuria, na yule mpishi alifurahi hata akamwalika mezani kwake pamoja na binti yake, ambaye siku hizo alikuwa anatimiza miaka kumi na miwili. Yai aliruhusiwa kumleta rafiki mmoja.

"Nimekuchagua wewe," aliniambia. "Wewe umezoea pale. Utanielekeza, nisije nikachekwa."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia ukweli. Badala yake nilisema, "Usijali, niachie mimi." Nyumbani nikamwambia Mama Mdogo kwamba Jumamosi mchana nimealikwa kwenye sherehe. Sikusema wapi. Nilijua yuko zamu, nikaomba tu asitoke chumba cha vyombo.

Jumamosi ilipofika, tulipokelewa mlangoni na mhudumu kijana, mrefu, shati jeupe limenyooka bila kunyanzi. Ukumbi ulikuwa kimya kama maktaba. Mhudumu alinivutia kiti, na mimi, kwa haraka ya kuonyesha kwamba nimezoea, nikakaa kabla kiti hakijafika. Nilishika ukingo wa meza nikanusurika. Mbele yangu kulikuwa na uma tatu. Mimi nyumbani natumia kijiko.

"Unaanza na ule wa nje," nilimnong'oneza Yai, nikiomba iwe kweli.

Baba yake aliinuka kwenda kunawa mikono. Mhudumu akasogea akiwa na kidaftari.

"Mabinti, karibuni. Hapa kwetu hatuleti sahani ya kwanza kabla ya kuuliza. Kuna yeyote ambaye kuna chakula kinamdhuru? Nikiandika hapa, jikoni wanabandika karatasi ukutani, na kila mpishi anaisoma."

Yai aliangalia meza ya jirani, akaangalia mhudumu, kisha akaniinamia sikioni.

"Nikisema watakuja wote kunitazama kama darasani. Redio, wewe unajua. Hapa wanaweka karanga?"

Nilikuwa na majibu mawili. La kweli lilikuwa fupi kabisa. Lakini nilikuwa nimeshajivika kilemba cha mwenyeji, na kukivua mbele ya mhudumu yule niliona aibu.

"Hapa? Hata punje moja hakuna," nilisema. Kisha nikamgeukia mhudumu na kumjibu kwa sauti ya mtu mzima, "Hakuna shida, kaka. Sisi tunakula kila kitu."

Mhudumu alimtazama Yai. Yai akatikisa kichwa kukubali. Mhudumu akaandika, akaenda.

Baba alipoketi aliuliza jambo moja tu. "Wameuliza kuhusu chakula?"

"Wameuliza, baba," nilidakia. "Tumeshawajibu."

Maneno yote hayo yalikuwa ya kweli, na yalikuwa uongo mtupu. Baba wa watu akapumua, akakunjua kitambaa chake.

Sahani ya kwanza ililetwa, ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Nilieleza kila moja kama kasuku, majina niliyoyasikia kwenye beseni la miguu, na baba akasema, "Kumbe tumekuja na mwenyeji!" Nilivimba kichwa. Sahani ya nne ilikuwa tambi nyembamba zilizoviringishwa zikawa kifundo, zimefunikwa mchuzi wa kijani. Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu.

"Hii naijua sana. Mama yangu mdogo huitwanga nyumbani. Ni majani, saumu na mafuta tu. Kula!"

Yai alikula uma mbili. Wa tatu aliushusha njiani. Alijikuna shingo, akajikuna tena, akaanza kukohoa. Baba alimpigapiga mgongoni.

"Amepaliwa. Pole, mama. Kunywa maji."

Maji yalimtoka mdomoni. Mdomo wa juu ulikuwa umeanza kuvimba, na pumzi yake ilitoa mluzi mwembamba. Mhudumu alikuja mbio.

"Hamkumwekea karanga mwanangu, sivyo?" baba alimwuliza kwa sauti iliyogeuza vichwa vya ukumbi mzima. "Mliambiwa, basi huku ni kupaliwa tu!"

"Mzee, mimi niliuliza," mhudumu alisema, akifungua kidaftari chake. "Nilijibiwa kwamba..."

Hakumaliza. Aliniangalia. Hakunisema, aliniangalia tu.

Sitaki kujipamba. Kwa muda mfupi, mfupi sana, niliwaza kunyamaza. Waache wadhani kijana wa watu amesahau kuandika. Nani angenijua? Kisha nikasikia ule mluzi tena, mwembamba zaidi.

"Hatukumwambia!" nilipiga kelele. "Mimi ndiye niliyesema hakuna shida! Yai aliniuliza kuhusu karanga, nikamwambia hakuna. Sijui kama hakuna. Sijui chochote!"

Mpishi mkuu alikuwa ameshatoka jikoni. "Hiyo pesto ina korosho," alisema.

Basi baba akajua si kupaliwa. Alinyakua mkoba wa Yai, akatoa sindano yenye umbo la kalamu nene, akamkandamizia pajani juu ya nguo. Mhudumu akawa ameshapiga simu kuita gari la wagonjwa. Mimi nilisimama nimeshikilia kitambaa changu cha mezani, nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ardhi haikupasuka. Kilichofunguka ni mlango wa jikoni, akatokea Mama Mdogo, aproni imelowa, mabuti ya mpira miguuni, glavu za njano hadi kwenye viwiko. Alikuwa amesikia kelele.

"Wewe! Unafanya nini hapa?"

"Unamjua huyu mtoto?" mpishi mkuu alimwuliza.

Mama Mdogo aliutazama ukumbi: wageni waliosimama, mtoto anayehangaika kupumua, vidole vyote vilivyokuwa vikinielekea. Angeweza kusema lolote.

"Namjua," alisema. "Ni wangu."

Mimi nilikuwa nimemficha yeye wiki nzima. Aibu niliyoipata hapo sina kipimo chake. Aibu ya kukosa kiti ilikuwa mchezo.

Sindano ilimfungua Yai koo kabla gari halijafika. Hospitalini daktari alisema imetumika kwa wakati, lakini dawa hiyo inaweza kuisha nguvu na uvimbe ukarudi, hivyo lazima alale pale hadi jioni wakimwangalia. Mama Mdogo aliomba ruhusa, akanishika mkono tukaenda hospitali kwa miguu, naye bado amevaa mabuti yake yanayolia kwachu kwachu.

Tulipofika kitandani alinisukuma mbele kidogo. "Sema. Yote. Anzia mwanzo."

Nilisema. Kwamba sijawahi kula pale hata siku moja. Kwamba mama yangu mdogo si mpishi, anaosha vyombo. Kwamba pesto ya nyumbani haina korosho, na mimi nikadhani kila pesto ni ya nyumbani kwetu. Nililia hata kamasi zikanitoka mbele ya baba wa watu.

Yai alinisikiliza, midomo yake bado imetuna.

"Nilijua hujawahi kula pale," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Tangu ulipokalia hewa nilijua. Hilo halikuniuma. Lakini nilikuuliza kuhusu karanga, Redio. Hapo nilikuamini."

Hata sasa nikikumbuka neno lile, uso unaniwaka moto.

Baba yake alivua miwani, akaifuta muda mrefu bila sababu. "Ulinitia hofu ambayo simwombei mzazi yeyote," aliniambia. "Lakini ulipoona mambo yameharibika ulisema. Mimi nilikuwa nampigapiga mgongo. Ungenyamaza, ningeendelea kumpiga mgongo." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe, mama, mdomo wako usiuazimishe kwa mtu. Anayekucheka kwa sababu ya mzio, mwache acheke. Wewe sema."

"Mzazi mwenzangu, tusamehe," Mama Mdogo alisema.

"Tumesamehe, dada. Mtoto yuko hai."

Tulirudi mgahawani kupitia mlango wa nyuma. Yule mhudumu alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, shati lake sasa limekunjamana. Mpishi mkuu alikuwa ameanza kumtaka ajieleze. Nilisimama mbele yao wote wawili, nikarudia neno kwa neno swali aliloniuliza na jibu nililompa, nikaomba radhi. Mpishi mkuu alisikiliza akiwa amefunga mikono kifuani, akamgusa kijana begani, akaingia ndani.

"Unajua, binti," mhudumu aliniambia, "ungesema tu 'sijui', ningekwenda jikoni kuuliza. Ni hatua kumi na mbili. Nazijua, nazitembea kila siku."

Mama Mdogo alikuwa bado na rundo la sahani kubwa kama ungo zinamngoja. Alinipa kitambaa, nikawa nafuta anazoosha. Tulifanya kazi mpaka rundo likafika nusu.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "mimi kuosha vyombo hakunitii aibu. Sahani nikiitoa hapa, mtu anaweza kuilia bila kuogopa. Kinachonitia aibu ni mtu kujibu asilolijua, tena kwa jambo linaloingia mdomoni mwa mwenzake. Kuuliza si ujinga, umefundishwa shuleni. Basi na kukiri kwamba hujui si ujinga pia. Ukisema hujui, aibu yake ni ya dakika moja. Ukijifanya unajua, anayelipa anaweza kuwa mwingine kabisa."

"Ndiyo, Mama Mdogo."

Aliinua sahani nyingine kwenye mwanga, akaigeuza, akanikabidhi.

"Rafiki yako amekusamehe, nimesikia. Je, atakuamini tena?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, limevaa vizuri kama maneno yangu yote. Nililimeza.

"Sijui," nilisema.

"Haya," alisema Mama Mdogo. "Tuanzie hapo."