Nimemfukuza Wifi kwa Sababu ya Bledi

"Toka! Toka kwenye hii karakana kabla sijakuitia watu!"

Hayo nimemwambia wifi yangu leo asubuhi. Mbele ya mteja, mbele ya mume wangu, mbele ya mama yangu mzazi aliyekuja kunitembelea...

Jamani tulieni, nawapa mkanda mzima!

Jana nilifunga bledi mpya kwenye msumeno wa meza. Ile ya meno madogo mengi, maana plaiwudi ukiikata na meno makubwa inabanduka pembeni vibaya mno. Na hii ni plaiwudi ya mteja, kaileta mwenyewe, ya kabati la maharusi!

Leo nikafika mbio mbio. Sikuangalia kitu. Nikawasha, nikasukuma...

Kraaa!

Uso wote wa plaiwudi umemeguka kama biskuti!

Nikazima, nikachungulia. Bledi yangu haipo! Imefungwa ile ya meno makubwa, ya kupasulia mbao nene.

"Nani kagusa mashine?"

"Mimi, wifi."

"Kwa nini?"

Akainama kuokota vipande vya plaiwudi.

"Si nakuuliza! Wivu, eeh? Kisa kaka yako kanikabidhi mimi mashine?"

Macho yake yakaenda pale alipokaa mama, yakarudi chini.

Nikamporomoshea maneno mpaka mume wangu akaingilia. "Dada, hebu nenda nyumbani kwanza."

Wifi akavua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka.

Mimi huyo, simu mkononi, nikawaandikia nyie hapa hapa mtandaoni. Mkamwita nyoka wee, nami nagonga tu lavu kwenye komenti zenu!

Ndipo mama akaniita pembeni. Sauti ndogo...

"Mwanangu, mimi ndiye niliyemwambia."

"Ulimwambia nini, mama?"

"Asubuhi kabla hujafika niliona yale meno madogo, nikadhani yamelika, yamekwisha. Nikamwambia mfungie mwenzio yenye meno ya maana, asichoke kusukuma. Akanieleza haifai, nikamkazania. Basi akafunga, akasema atakuwahi mlangoni akwambie."

Kumbe niliyewahi ni mimi.

Mnaelewa?! Wifi angetamka neno moja tu, mama yangu angeumbuka mbele ya mkwewe. Akaona bora ameze matusi yangu yote!

Nimeenda kwao, nimepiga magoti mlangoni. Akatoka mama mkwe.

"Amelala."

Mchana kweupe huu!

Mama naye kafunga begi. Nimembembeleza, wapi! "Niache nirudi kwangu, mwanangu. Nitamtazamaje yule binti?"

Mteja tutamtafutia plaiwudi nyingine. Wifi kama yule nitampata wapi?

Wale mliomwita nyoka, rudini mfute. Nyoka ni mimi.

Na mkiwa na mashine, shikeni hili: plaiwudi inataka meno madogo mengi, mbao nene ya kupasua inataka makubwa machache, na angalieni kabla hamjawasha.

Mimi nina meno thelathini na mawili mdomoni, na leo yote yalikuwa ya kupasulia.